Tupicha

Bibi yangu alizungumza kwa dakika 38, nami nikayanukuu maneno yake katika kurasa 17. Niliandika kila kitu kilichosikika kwenye simu: mahali alipokohoa, mahali jirani alipoingia kuomba chumvi, mahali aliporudia neno moja mara tatu kabla ya kuendelea. Ndivyo tulivyofundishwa katika kozi ya kazi ya uwandani, na sina ugomvi na mafundisho hayo. Kazi ilipata alama nzuri. Lakini ndani ya kurasa hizo mlikuwa na kosa, langu mimi, na mwalimu aliyesahihisha hakuliona. Aliyeligundua ni bibi mwenyewe, kwa kidole, akiangalia michoro isiyozidi ukubwa wa kiberiti.

Nianze na michoro yenyewe, maana katika kitivo chetu hatuizungumzii.

Anayetengeneza ukurasa wa katuni haanzi kwa kuchora vizuri. Huanza kwa kuchora vibaya, tena kwa udogo. Anachukua kipande cha karatasi, anachora mstatili mdogo unaowakilisha ukurasa mzima, anaugawa katika visanduku, na ndani ya kila kisanduku anaweka alama tu: duara ni kichwa, mstari ni mwili, mawimbi mawili matatu ni maneno. Nyuso hazina macho. Dakika tatu zikipita anaacha na kuchora mwingine kando yake, wenye mgawanyo tofauti. Akifika wa tano au wa sita ndipo anapoanza kuuona ukurasa alioutaka. Hapo tu ndipo karatasi kubwa inapotolewa.

Rafiki yangu aliyenifundisha haya, ambaye alisoma sanaa na sasa anaishi kwa kuandika mabango ya maduka, huiita michoro hiyo tupicha. Mmoja ni kapicha. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu hawezi kulipita neno hilo bila kusimama kidogo. Kiswahili sanifu kiliiacha ngeli ya udogo ya ka- na tu-, kikabaki na ki- na vi-. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinayo, hai kabisa, na haishangazi ukiwaangalia majirani zake: Kibemba wanayo, Kiluba wanayo, Ciluba cha Kasai wanayo. Nimejaribu kulisanifisha neno la rafiki yangu nikashindwa. «Vijipicha» kinasikika kama kitu cha kubandika kwenye kitambulisho. Basi nitaandika tupicha, ila upatanisho nitafuata ule wa vi-, ili walimu wangu wasinikasirikie mara mbili katika sentensi moja.

Sikuanza na tupicha. Nilianza kama anavyoanza kila mtu anayejiona ana mkono mzuri. Nilinunua karatasi nzito, nikapiga mistari kwa rula, nikachora kisanduku cha kwanza hadi kikamilike, ndipo nikaingia cha pili. Juma la kwanza lilipokwisha nilikuwa na visanduku vitatu vya kupendeza mno: stesheni ya Likasi, reli, mizigo iliyofungwa kwa vitenge. Juma la pili nikagundua kwamba theluthi mbili za hadithi zimebaki na karatasi imebaki robo. Visanduku vya mwisho vikawa kama abiria wa taksibasi saa kumi na mbili jioni. Kiputo kimoja kilimfunika babu uso. Katika kisanduku kingine nilimweka babu upande wa kulia kwa sababu ukuta wa pale ulinitoka vizuri, na bibi upande wa kushoto. Lakini babu ndiye anayeuliza na bibi ndiye anayejibu, na sisi tunasoma kutoka kushoto. Kwa hiyo jibu lilisomwa kabla ya swali. Nilifuta hadi karatasi ikatoboka.

Hata hivyo niliumaliza, nikaupaka wino, nikampelekea Kaku. Hivyo ndivyo tunavyomwita nyumbani, kwa lugha yake. Yeye ananiita bwana yake, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na akiniita hivyo kwa sauti ya chini najua ananihurumia. Aliushika ukurasa kwa mikono miwili, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Akasema, kwa sauti ya chini: «Ni muzuri, bwana yangu.» Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilifurahi. Sasa naona haya kuandika kwamba nilifurahi.

Hapa lazima nieleze kilichokuwa kikichorwa, kwa ajili ya wenzetu waliotoka mikoa mingine. Mwaka 1992 na 1993, mkoa huu ulipokuwa bado unaitwa Shaba, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na kazi zao. Likasi na Kolwezi, maelfu walipiga kambi kwenye stesheni za reli wakingoja treni za kuwapeleka Kasai, kwa majuma na kwa miezi. Wengi walikuwa wamezaliwa hukuhuku na Kasai hawakuwahi kuiona. Wengine hawakufika. Mimi si wa kwanza kuyatia mambo haya katika katuni: Pie Tshibanda, ambaye naye alifukuzwa, aliandika albamu iitwayo Les refoulés du Katanga, kwa Kifaransa. Familia yetu ilisafiri, ikakaa Mwene-Ditu, ikarudi Lubumbashi miaka kadhaa baadaye. Mimi nilizaliwa baada ya yote hayo. Nilichokuwa nacho ni zile dakika 38.

Rafiki yangu alipouona ukurasa wangu wa wino hakusema ni mzuri. Aliuliza: «Tupicha viko wapi?» Sikuwa navyo. Akageuza karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita, iliyokuwa nyeupe nyuma, akachora mistatili minane midogo, akanipa kalamu. Alinikataza mambo mawili: kuchora uso na kufuta.

Nilichojifunza jioni ile kuhusu lugha sikukipata katika kozi yoyote, na ninasema hivyo nikiwaheshimu wanaotufundisha. Katika kapicha kilichopangwa vizuri, cha kwanza kuwekwa ni kiputo. Watu hufuata. Atakayesema kwanza anakwenda kushoto na juu, atakayejibu anakwenda kulia na chini kidogo, na miili inajipanga chini ya maneno yake kama watu wanaojikinga mvua. Ukianza na miili, maneno yatakosa pa kukaa. Mimi, mwanafunzi wa isimu, nilikuwa nimechora ukurasa mzima nikiyaona maneno kama kitu cha kubandika mwishoni!

Kisha kuna urefu wa maneno yetu. Albamu nilizokulia nazo zilikuwa za Kifaransa, na mgawanyo wangu wa visanduku niliuiba humo bila kujua: visanduku vyembamba vilivyosimama, vyenye vipuo vyembamba juu yake. Kwa Kifaransa inafaa. «Nous ne les connaissions pas» ni maneno matano; unaweza kuyapanga mistari minne, kimoja juu ya kingine, na kiputo kikawa chembamba kama chupa. Kwa Kiswahili hayo yote ni neno moja: hatukuwafahamu. Herufi 14, hazina pa kukatwa ila kwa kuumiza. Kiambishi cha kukanusha, cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa, mzizi, vyote vimeshikana mikono na havitaki kuachana. Kiputo cha Kiswahili kinataka kuwa kipana na kifupi, na kisanduku kilichokibeba kinataka kulala. Ukiufuata urefu huo, ukurasa wako unapata sura nyingine kabisa: mistari mitatu ya visanduku vinavyolala, kama mabehewa. Sikuipanga sura hiyo ya mabehewa. Mofolojia ndiyo iliyoipanga, nami nikaikuta ndani ya kapicha cha nne nikakaa nikiiangalia.

Tangu siku hiyo ninapochora tupicha nabadilisha kidogo desturi ya rafiki yangu. Yeye huweka mawimbi mahali pa maneno. Mimi naweka mawimbi pia, ila neno lililo refu kuliko yote katika kiputo naliandika zima, ili linisute mapema.

Swali la Kiswahili kipi lilinichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Katika unukuzi nilikuwa na safu mbili, maneno ya Kaku upande mmoja na sanifu upande wa pili. Kiputo hakina safu mbili. Nilijaribu sanifu katika kapicha kimoja na Kaku akageuka kuwa mtangazaji wa redio. Kwa hiyo katika vipuo anasema anavyosema: tulikuwa batu mingi ku gare, tunangoya, tunangoya. Kinshasa walilitatua jambo hili kabla yetu; jarida la Jeunes pour Jeunes, lililoanza mwaka 1968, liliwaacha wahusika wake waseme lugha ya mtaani, na baadaye Papa Mfumu'Eto akatoa katuni zake kwa Kilingala cha watu wa Kinshasa bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Kwetu bado tunaona haya kidogo.

Nilirudi nyumbani na karatasi tatu za mtihani zilizojaa tupicha. Umeme ulikuwa umekatika. Kaku alikuwa nje karibu na mbabula, anangoja maji ya bukari yachemke, nami nikakaa karibu naye ili niendelee kuchora kwa mwanga wa simu. Sikukusudia kumwonyesha. Ilikuwa takataka, madoa na mistari.

Akauliza ni nini. Nikamwambia ni ile stesheni yake, lakini bado ni tupicha tu.

Akavuta karatasi. Akauliza nani ni nani, nikamwonyesha: doa kubwa hili ni wewe, lile ni babu, madoa madogo ni watoto. Akaangalia muda. Kisha akaweka kidole juu ya kapicha na kusema kitu ambacho hakukisema juu ya ukurasa wa wino niliouhangaikia majuma mawili:

«Hapana. Hapa hatukusimama. Tuliikala chini.»

Nikachora kingine, watu wameketi. Akasema mizigo haikuwa nyuma yetu, ilikuwa mbele, kama ukuta, kwa sababu ya upepo na kwa sababu ya macho ya watu. Nikachora kingine. Akasema reli iko upande gani? Nikamwambia huku. Akasema hapana, asubuhi jua lilitupiga huku, basi reli iko kule. Tulifanya hivyo mpaka maji yakachemka na kupungua, mama akaja kutugombeza. Nilikuwa na tupicha kumi na kimoja, vinne kati yake vimechorwa na mimi lakini vimeamriwa na yeye kila mstari.

Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ukurasa wa wino ulimwonyesha juhudi yangu, na mtu mwenye adabu hawezi kuigusa juhudi ya mjukuu wake. Umekwisha, ungesema nini? Kapicha hakina juhudi ya kuonea huruma. Kimechorwa kwa dakika tatu nyuma ya swali la fonolojia. Ukikikosoa, hakuna anayeumia, kingine kinachorwa palepale. Wenzangu wanaokwenda uwandani na dodoso zilizochapwa vizuri, zenye nembo ya chuo juu, wafikirie ni mara ngapi wamejibiwa «ni muzuri».

Walimu wetu watanikumbusha Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mji huu aliyechora historia ya nchi katika miaka ya 1970 na kuisimulia kwa Kiswahili mbele ya kinasasauti cha Johannes Fabian. Sawa, lakini pale mchoraji ndiye msimulizi. Anaeleza picha yake mwenyewe. Kwetu sisi msimulizi alikuwa anaisahihisha picha ya mtu mwingine, tena mtu asiyekuwepo.

Sasa kosa.

Katika kapicha kimoja, kile cha usiku, Kaku alianza kuhesabu madoa kwa kidole. Alihesabu kwa Ciluba, polepole. Akafika mwisho akarudia. Kisha akasema: «Hapa kuko batu sita.»

Nikasema ndiyo, Kaku. Wewe, babu, mama, na wajomba zangu watatu. Sita.

«Tulikuwa saba.»

Nikanyamaza, kwa sababu nilijua ukurasa gani. Katika unukuzi wangu, ukurasa wa 6, anasema «tulikuwa saba». Ukurasa wa 14, wakiwa ndani ya behewa, anasema «sisi sita». Mimi, nikiijua familia yangu, nikiwa na wajomba watatu na si wanne, niliweka tanbihi kwenye ile saba. Naikumbuka neno kwa neno kwa kuwa niliiandika kwa kujiamini sana: kuteleza kwa ulimi, soma sita. Na ukurasa wa 9, katikati ya namba hizo mbili, niliandika katika mabano: kimya, sekunde 9. Nilidhani alikuwa anangoja pikipiki ipite. Inasikika pikipiki kwenye rekodi.

Katika sentensi, saba na sita zinaweza kupishana kurasa nane na mtu asizione. Katika kapicha, mtu ni doa, na madoa yanahesabika.

Nikamwonyesha kapicha cha behewa. Nikauliza: na huku? Akaangalia. «Huku sita.» Akageuza makala kwenye mbabula, ambayo hayakuhitaji kugeuzwa. «Saba. Kisha sita.»

Hakuniambia jina na sikuuliza. Baadaye nilimuuliza mama. Mama alikuwa na miaka mitano wakati ule, akasema analikumbuka joto tu, na mtu aliyelala kati yake na ukuta wa mizigo. Nimeandika haya kwa ruhusa ya Kaku. Aliruhusu namba. Mengine yabaki kwake.

Nilibaki na tatizo la uchoraji, na nitalieleza kama tatizo la uchoraji. Kuna kisanduku cha watu saba na kuna kisanduku cha watu sita. Katikati kuna nini?

Kwanza niliweka kisanduku kitupu, kikubwa, kinachochukua upana wote. Kisanduku kipana hupunguza mwendo wa msomaji, kila mchoraji anajua. Nilipokiangalia kesho yake kilikuwa kinapiga kelele. Kilisema, tazameni, hapa pana huzuni. Nikakifuta, yaani nikachora kingine kando yake. Halafu mwanaisimu akaamka ndani yangu, nikakumbuka kwamba Kiswahili kina viigizi vya mambo yasiyo na sauti: kimya jii, weupe pe, giza totoro. Katuni za Kifaransa zina boum na vlan, sisi tuna neno la mlio wa kunyamaza! Nikaandika JII kwa herufi kubwa juu ya reli tupu. Rafiki yangu alikiangalia kapicha hicho akaniuliza kama ni chapa ya sabuni.

Jibu lilikuja tulipozungumzia idadi ya kurasa. Ukurasa mmoja hautoshi, alisema, fanya miwili, lakini usiiweke ikitazamana. Mmoja uwe wa kulia, wa pili uwe nyuma yake, ili msomaji alazimike kugeuza karatasi. Wachoraji hutumia mgeuzo huo kwa mshtuko: mlango unafunguliwa mwishoni mwa ukurasa wa kulia, na jambazi anaonekana baada ya kugeuza. Nilifikiri kuutumia bila mshtuko wowote. Kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa kulia: usiku, ukuta wa mizigo, watu saba wamelala. Msomaji anageuza. Kisanduku cha kwanza: behewa, asubuhi, watu sita. Hakuna maelezo. Kiputo cha kwanza baada ya hapo ni cha babu, anauliza kama maji yamebaki.

Atakayehesabu atahesabu. Mwenzangu mmoja katika darasa letu alivisoma tupicha hivyo mara mbili akasema mtiririko ni mzuri. Mwingine, ambaye familia yake ilikuwa Kolwezi, alifika kwenye behewa, akarudisha karatasi nyuma, akanitazama, akanirudishia.

Mwalimu mmoja ameniuliza kama katuni inaweza kuhesabiwa kuwa data. Siku ile sikuwa na jibu, na leo ninalo nusu: unukuzi nimeurekebisha. Tanbihi ya ukurasa wa 6 nimeifuta. Zile sekunde 9 nimeziondolea mabano, zina mstari wake sasa, na namba ya mstari kama usemi mwingine wowote.

Rafiki yangu anasema tupicha vimeiva, nipige wino. Karatasi nzito ninayo, imebaki. Lakini Kaku amesema anataka kuviona tena kwanza, na Jumapili nilimpelekea. Alihesabu usiku, akahesabu asubuhi, akatikisa kichwa kukubali. Akarudi kwenye usiku. Akasema karibu na huyu wa saba palikuwa na beseni, niliweke. Nikachora duara lililobanwa. Akasema lilikuwa la bluu. Nikamwambia, Kaku, tupicha havina rangi. Akasema basi uandike pembeni usisahau.

Nimeandika pembeni: beseni, bluu.